Siri ya etaje ya tatu: urithi uliokataa kugawanywa katika riwaya za nyumba kubwa za Uingereza

Mwaka 2004, wenye nyumba ya kale ya Norton Conyers, katika eneo la Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, waligundua kitu nyuma ya mbao zinazofunika ukuta. Kulikuwa ngazi nyembamba inayopanda mpaka vyumba vya juu kabisa, vile vilivyo chini ya paa. Ngazi hiyo ilikuwa imezibwa na kusahauliwa.

Habari hiyo iliwafurahisha sana wapenzi wa vitabu, na kulikuwa sababu. Mwaka 1839, mwalimu mmoja wa miaka 23, aliyekuwa anafundisha watoto wa jamaa ya matajiri, alipita katika nyumba hiyo. Katika nyumba hiyo kulikuwa hadithi ya zamani: mwanamke mwenye kichaa aliwahi kufungiwa kule juu. Mwalimu huyo aliitwa Charlotte Brontë. Mwezi wa kumi mwaka 1847, alitoa riwaya yenye jina Jane Eyre, akijificha nyuma ya jina la Currer Bell. Ndani ya riwaya hiyo kuna nyumba kubwa yenye etaje tatu, na kwenye etaje ya tatu kuna mlango uliofichwa nyuma ya pazia la ukutani. Nyuma ya mlango huo kuna bibi wa mwenye nyumba.

Tangu hapo, nyumba kubwa ya mashambani yenye siri ya jamaa imekuwa moja ya hadithi zinazopendwa zaidi duniani. Imeandikwa mara nyingi, ikageuzwa filamu, ikaingia hata katika novela ambazo wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi wanaangalia jioni umeme ukiwako: tajiri mwenye nyumba ya fahari, mtumishi anayesikiliza mlangoni, mtoto asiyejua baba yake, na karatasi ya urithi iliyofungiwa ndani ya sanduku.

Wengi wanafikiri hadithi hizi ni za mapenzi na woga. Lakini mtu akizisoma huku akihesabu feza, anaona jambo lingine. Karibu kila siri inayofichwa katika nyumba hizo inatoka kwenye ulizo moja: nani atarizi? Na mara nyingi, siri inaanza siku ile mtu mmoja anapokataa mali igawanywe.

Pauni 30 na pauni 30,000

Hadithi ya Jane Eyre inajulikana. Jane ni yatima aliyelelewa na bibi ya mjomba wake, Madame Reed, aliyemtesa. Anatumwa katika shule ya wasichana maskini, kisha anapata kazi ya kufundisha mtoto katika nyumba ya Thornfield. Mshahara wake ni pauni 30 kwa mwaka. Mwenye nyumba, Bwana Rochester, anampenda na kuomba kumuoa. Siku ya ndoa, mbele ya padri wa Anglikana, avoka anasimama na kusema ndoa haiwezi kuendelea: Rochester tayari ana bibi. Anaitwa Bertha Mason, na anaishi kwenye etaje ya tatu, miaka kumi sasa, akilindwa na mtumishi.

Namna bibi huyo alivyofika pale, Rochester mwenyewe anaieleza, na maelezo yake ni ya feza tangu mwanzo mpaka mwisho. Baba yake hakutaka mali ya jamaa ikatwe vipande. Aliamua yote iende kwa mtoto wa kwanza, Rowland. Lakini hakupenda pia kuona mtoto wake wa pili akiwa maskini. Kwa hiyo akamtafutia bibi tajiri mbali, katika kisiwa cha Jamaica, kwa rafiki yake mwenye mashamba na biashara.

Hapa msomaji wa Kivu ao wa Katanga sherti ageuze kichwa. Kwa Waingereza wa wakati ule, mwanaume hakuwa anatoa mahari. Ni jamaa ya msichana ndiyo iliyokuwa inamtuma na mali. Baba ya Bertha alitoa pauni 30,000. Ukilinganisha na mshahara wa Jane, ni kazi ya miaka elfu moja.

Rochester alikuwa kijana. Hakuambiwa habari ya feza, na hakuambiwa kwamba mama ya msichana alikuwa mgonjwa wa akili aliyefungiwa. Baba yake na ndugu yake walijua, wakanyamaza. Kisha Rowland akakufa, baba naye akakufa, na mali yote ikamuangukia yule mtoto wa pili. Kama baba angegawa tangu mwanzo, hakungekuwa safari ya Jamaica, wala pauni 30,000, wala mwanamke wa kufungiwa.

Kuna siri nyingine katika kitabu hicho ambayo watu wanaisahau, nayo ni ya urithi pia. Jane alikuwa na baba mdogo, mfanya biashara katika kisiwa cha Madeira, ambaye aliandika barua akimtafuta ili amfanye mrithi wake. Madame Reed aliipokea barua hiyo na kuificha. Akajibu kwamba Jane alikufa shuleni. Ni miaka mitatu kisha, akiwa anakata roho, ndipo alimpa Jane barua ile. Mwanamke huyo hakuwa na faida yoyote katika jambo hilo. Aliona tu vibaya kwamba yatima aliyemtesa angekuja kuwa mtu.

Sheria ndiyo iliyojenga chumba cha siri

Waandishi hao hawakuwa wanabuni kila kitu. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa inawasukuma watu kuficha.

Kwanza, ardhi. Mtu akikufa bila kuacha wosia, ardhi yake ilikwenda kwa mtoto mwanaume wa kwanza. Na jamaa kubwa zilikuwa zinaandika mikataba ya kufunga mali, ili mrithi mwenyewe asiweze kuuza ao kugawa. Wadogo wake walikwenda jeshini, kanisani, ao katika makoloni. Mabinti walitafutiwa mabwana. Sheria ya kumpa mtoto wa kwanza ardhi yote ilifutwa mwaka 1925 tu.

Pili, ndoa. Mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882, mwanamke akiolewa, karibu kila kitu alichokuwa nacho kiliingia mikononi mwa bwana yake, isipokuwa jamaa yake imeandikisha mkataba wa kumlinda. Na kabla ya mwaka 1857, mtu aliyetaka kuvunja ndoa kabisa na kuoa tena alihitaji sheria maalum ya bunge, jambo la matajiri wachache. Hata kisha ya mwaka huo, kichaa cha bibi hakikuwa sababu ya kuvunja ndoa. Kilikubaliwa na sheria ya mwaka 1937, miaka 90 kisha ya Jane Eyre. Rochester ni mwenye kosa, kwa kuwa alimdanganya Jane. Lakini hakuwa na mlango wa kisheria wa kutokea.

Tatu, watoto. Mtoto aliyezaliwa inje ya ndoa alikuwa, mbele ya sheria, kama mtoto wa hakuna mtu. Hakuweza kurizi jina, cheo wala ardhi. Hata wazazi wake wakioana baadaye, haikubadili kitu mpaka sheria ya mwaka 1926. Haki ya kurizi baba asiyeacha wosia, watoto hao waliipata mwaka 1969.

Weka sheria hizo tatu katika nyumba moja yenye vyumba vingi, na siri inazaliwa yenyewe.

Ukurasa mmoja wa buku la parokia

Mwandishi aliyeelewa jambo hilo zaidi ni Wilkie Collins. Riwaya yake The Woman in White ilianza kutoka mwezi wa kumi na moja mwaka 1859 katika gazeti la kila juma la Charles Dickens. Wasomaji walikuwa wanangojea kila kipande, sawa na watu wanavyongojea novela leo.

Ndani yake kuna mtu wa cheo, Sir Percival Glyde, mwenye nyumba kubwa ya Blackwater Park na madeni mengi. Anamuoa Laura Fairlie, msichana mwenye pauni 20,000. Mkataba wa ndoa unasema Laura akikufa bila mtoto, feza hizo zinabaki kwa bwana yake. Avoka wa jamaa alikataa kabisa jambo hilo. Lakini baba mdogo wa Laura, mtu mvivu asiyependa kusumbuliwa, alikubali ili wamuache apumzike.

Kilichofuata ni uovu uliopangwa vizuri. Kulikuwa mwanamke mwingine, Anne Catherick, mgonjwa na maskini, aliyefanana na Laura. Anne alipokufa, alizikwa kwa jina la Laura. Laura mwenyewe akafungiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili kwa jina la Anne. Kila alipolia kwamba yeye ni bibi ya Percival, wauguzi waliona ni dalili ya ugonjwa. Juu ya nini walifanana? Kwa sababu walikuwa na baba mmoja. Anne alikuwa mtoto wa inje wa baba ya Laura, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Lakini Percival naye alikuwa na siri yake. Wazazi wake hawakuoana. Kwa hiyo cheo na nyumba havikuwa vyake. Ili kujificha, aliingia katika kanisa dogo na kuandika ndoa ya uongo ya wazazi wake, katika nafasi iliyobaki chini ya ukurasa wa buku la parokia. Alisahau kitu kimoja: kulikuwa buku la pili, nakala iliyotunzwa katika mji wa jirani. Katika nakala hiyo, ndoa ile haikuwamo. Percival alikufa kwa moto ndani ya kanisa, wakati alikwenda kuharibu ushahidi.

Wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo wanajua uzito wa ukurasa kama huo. Anayewahi kusimama mbele ya tribinali juu ya parseli ya marehemu baba yake, na kukuta karatasi mbili zenye majina mawili tofauti, hahitaji kuelezwa riwaya hiyo.

Dickens mwenyewe alikuwa ameandika Bleak House miaka michache mbele, kati ya 1852 na 1853. Humo bibi wa cheo, Lady Dedlock, anaficha kwamba alizaa kabla ya ndoa. Kandoni yake kuna kesi ya urithi inayoendelea kwa miaka mingi sana. Mwishoni wosia wa kweli unapatikana, lakini kesi inaisha palepale: gharama za maavoka na tribinali zimekula mali yote. Warizi wanatoka mikono mitupu.

Watumishi waliojua na kunyamaza

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika nyumba hizo, waliojua ukweli mapema ni wale waliobeba maji, kuwasha moto na kubadili mashuka.

Katika Jane Eyre, mtumishi anayemlinda Bertha anaitwa Grace Poole. Watumishi wenzake wananong'ona juu ya mshahara wake, ambao unapita wa wote, na wanakubali kwamba kazi yake si ya kila mtu. Jane anasikia maneno hayo, lakini anapokaribia wananyamaza. Grace anakunywa pombe mara kwa mara, na kila akilala, mgonjwa anachukua funguo. Hivyo nyumba nzima inategemea mtu mmoja anayelipwa ili asiseme na asisinzie.

Mwaka 1989, Kazuo Ishiguro, mwandishi aliyezaliwa Japani na kukulia Uingereza, alirudi kwenye jambo hilo katika The Remains of the Day. Riwaya hiyo ilipata zawadi ya Booker mwaka huohuo, na yeye akapewa Nobeli mwaka 2017. Anayesimulia ni mkubwa wa watumishi katika nyumba ya Darlington Hall. Siri yake si mtoto wala bibi. Bwana wake, mtu mwenye heshima na sauti ya upole, aliwapokea wakubwa wa Wanazi mezani na kuwasaidia kisiasa. Mtumishi aliona yote, akaendelea kusafisha vyombo vya feza. Akiwa mzee ndipo anaanza kupima alichopoteza.

Mali ilitoka wapi?

Kuna siri moja ambayo kwa muda mrefu hata wasomaji hawakuiona: chanzo cha feza iliyojenga nyumba.

Katika Mansfield Park ya Jane Austen, iliyotolewa mwaka 1814, mwenye nyumba anasafiri kwenda Antigua kutengeneza mambo ya mali yake huko. Antigua ilikuwa kisiwa cha miwa na watumwa. Jamaa haizungumzii jambo hilo. Msichana mmoja anapothubutu kuuliza juu ya biashara ya watumwa, wengine wananyamaza. Mwaka 1993, mwalimu Mpalestina Edward Said aliandika kurasa nyingi juu ya safari hiyo ya Antigua, na tangu hapo ni vigumu kusoma kitabu hicho bila kuuliza miwa ilikatwa na nani.

Bertha Mason naye alitoka Spanish Town, Jamaica. Zile pauni 30,000 ni jasho la watumwa. Mwaka 1966, Jean Rhys, mwandishi aliyezaliwa katika kisiwa cha Dominica, alimpa mwanamke huyo sauti. Katika riwaya yake Wide Sargasso Sea, Bertha ana jina lingine, Antoinette, na ana utoto, mama, bustani na woga. Msomaji anaona jina lake na mali yake vikichukuliwa kabla ya kufungiwa chini ya paa.

Historia ya kweli haiko mbali na riwaya. Katika nyumba ya Kenwood, kandoni ya London, aliishi jaji mkubwa wa Uingereza, Lord Mansfield. Ni yeye aliyekata kesi ya mwaka 1772 iliyokataza kumrudisha mtumwa James Somerset kwa nguvu katika makoloni. Ndani ya nyumba yake alikuwa analea msichana mweusi, Dido Elizabeth Belle, aliyezaliwa mwaka 1761. Baba yake alikuwa mtoto wa dada ya jaji, afisa wa meli za kivita. Mama yake, Maria Belle, alikuwa mtumwa. Picha ya rangi ilichorwa, Dido akiwa pamoja na binamu yake Elizabeth, wote wawili na nguo za thamani. Katika wosia wake, jaji alithibitisha kwamba Dido ni mtu huru, akamwachia pauni 500 na pauni 100 kila mwaka. Binamu yake mweupe aliachiwa nyingi kuliko hizo. Miaka mingi baadaye, walioangalia picha hiyo walifikiri kwamba msichana mweusi ni mtumishi tu.

Sheria ya kumaliza utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipitishwa mwaka 1833. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za kulipa fidia. Hazikupewa watumwa. Zilipewa wenye watumwa, juu ya "mali" waliyopoteza. Deni ambalo ndani yake kulikuwa mkopo huo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Majina ya waliolipwa yamekusanywa na watafiti wa University College London, na kila mtu anaweza kuyasoma. Kati yao kuna wenye nyumba nyingi za mashambani.

Mwezi wa tisa mwaka 2020, shirika la National Trust, linalotunza nyumba za kale za Uingereza tangu 1895, lilitoa ripoti yake. Ilionyesha kwamba sehemu 93 linazotunza zina uhusiano na utumwa ao ukoloni. Mabishano yalikuwa makali. Wengine walisema wageni wanakwenda kuangalia maua na picha, si kusikia habari za watumwa. Wengine walijibu kwamba nyumba isiyosema nani aliilipia ni nyumba yenye chumba kilichofungwa.

Nyumba zinaungua, nyumba zinauzwa

Mwaka 1938, Daphne du Maurier alitoa Rebecca. Nyumba yake inaitwa Manderley, na aliitoa katika mawazo yake akifikiria Menabilly, nyumba ya Cornwall ambayo alikuja kuipanga mwaka 1943. Bibi wa pili anaingia katika nyumba ambamo kila kitu bado kinaongozwa na bibi wa kwanza aliyekufa. Msomaji anangojea kujua Rebecca alikufa namna gani. Jibu ni la urithi tena: alimwambia bwana yake kwamba atazaa mtoto wa mwanaume mwingine, mtoto huyo atabeba jina la jamaa, na siku moja Manderley itakuwa yake. Bwana akampiga risasi. Kumbe hakukuwa mimba. Kulikuwa saratani.

Manderley inaungua, kama Thornfield ilivyoungua. Nyumba za kweli, nyingi ziliangushwa na kodi. Mwaka 1894 serikali ya Uingereza iliweka kodi mpya juu ya mali za marehemu, na kodi hiyo ikaendelea kupanda. Vita ya 1914 iliua warizi vijana. Nyumba nyingi ziliuzwa, zikawa shule ao hospitali, ao zikavunjwa. Mwaka 1974, jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London lilifanya maonyesho juu ya nyumba zilizopotea.

Zilizobaki zinaishi mara nyingi kwa hadithi zao. Highclere, ambapo televisheni ilipiga picha za Downton Abbey kuanzia mwaka 2010, iliokolewa zamani na feza za bibi arusi. Almina Wombwell aliolewa na mwenye Highclere mwaka 1895, na mali aliyokuja nayo ilitoka kwa tajiri Alfred de Rothschild. Wengi waliamini kwamba Rothschild ndiye baba yake wa damu, ingawa aliitwa kwa jina la mwanaume mwingine. Feza hizo zilisaidia pia bwana yake kulipia kazi ya Howard Carter huko Misri, mpaka kaburi la Tutankhamun likapatikana mwaka 1922.

Ulizo linalofika mpaka Congo

Hadithi hizi zina kamba inayofika mpaka Congo, na si kwa mfano tu.

Wakati wa ukoloni, wanaume wa Ubelgiji walizaa na wanawake wa Congo, Rwanda na Burundi. Watoto wengi wa damu mbili walitengwa kwa nguvu na mama zao na kupelekwa kwa wamisionari, wengi wakabadilishiwa majina. Siri hiyo haikulindwa na jamaa peke yake. Ililindwa na serikali, kwa maandishi. Tarehe 4 mwezi wa nne mwaka 2019, waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha mbele ya bunge la Ubelgiji. Kisha, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024, tribinali ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba Ubelgiji ilitenda kosa juu ya ubinadamu kwa wanawake watano waliochukuliwa kwa mama zao kabla ya kufikisha miaka saba na kuwekwa Katende, katika Kasai. Kila mmoja alipewa haki ya euro 50,000. Wakati huo walikuwa wamefika miaka zaidi ya 70. Kati ya mambo waliyoomba ni kufunguliwa karatasi zinazosema wao ni nani.

Na kuhusu urithi wenyewe, sheria ya Congo inasema kitu ambacho Percival Glyde angekipenda. Kodi ya jamaa ya tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 1987, iliyobadilishwa mwaka 2016, inaweka katika kundi moja la kwanza la warizi watoto waliozaliwa katika ndoa, wale wa inje ambao baba aliwakubali kisheria akiwa hai, na wale aliowalea kwa sheria. Wote wana haki sawa.

Neno zito ni hili: akiwa hai. Mtoto ambaye baba hakumpeleka etasivili, anayefika siku ya kilio akiwa na uso wa marehemu lakini bila karatasi, anajikuta karibu pale alipokuwa Anne Catherick. Wajomba wanauliza ni nani aliyemtuma. Mjane anaona hatari juu ya parseli. Na aliyejua ukweli yuko ndani ya sanduku, hasemi tena.

Pauni 20,000 kwa mikono minne

Katika Jane Eyre kuna ukurasa ambao filamu nyingi zinauruka. Kisha ya kukimbia Thornfield, Jane anapokelewa na ndugu watatu maskini: kijana mmoja na madada zake wawili. Anafundisha katika shule ya kijiji. Siku moja habari inafika: yule baba mdogo wa Madeira amekufa, na amemwachia Jane pauni 20,000. Wakati huohuo Jane anagundua kwamba wale waliompokea ni binamu zake wa damu, na marehemu hakuwaachia karibu kitu chochote.

Sheria haikumlazimisha chochote. Feza ni zake peke yake. Kijana anamwambia afikiri kwanza, kwa kuwa hajui bado pauni 20,000 ni nini. Jane anakataa kungojea. Anafanya hesabu: watu wanne, pauni 5,000 kila mtu. Anaita watu wa kuamua, karatasi zinaandikwa, mali inagawanywa mchana mbele ya wote.

Kisha hapo anarudi Thornfield. Anakuta kuta nyeusi bila paa. Bertha alitia moto usiku, akaruka kutoka juu na kufa. Rochester alijaribu kumuokoa, akapoteza mkono mmoja na macho. Ile mali ambayo baba yake hakutaka ikatwe hata kipande imebaki majivu. Jane anaingia kwake akiwa na pauni 5,000 zake, na safari hii hakuna mlango wowote katika nyumba ambao hana ufunguo wake.